Unataka Kupungua? Anza na Dumu la Mafuta

Mtu akiamua kupunguza mwili hapa kwetu, wa kwanza kufukuzwa mezani ni ugali. Wali unafuata, kisha mihogo na ndizi. Wiki ya kwanza anaishi kwa mayai na parachichi, wiki ya pili kichwa kinamuuma na mfuko umekauka, na mwisho wa mwezi anaonekana harusini akiishambulia sahani ya pilau kama mtu aliyetoka kifungoni. Uzito unarudi, mara nyingine na nyongeza juu.

Mimi naona ugali unaonewa. Unga wa mahindi gramu 100, ambao ukisongwa unatoa sahani ya kumshibisha mtu wa kawaida, una kalori kama 360. Vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya kupikia vina kalori hizo hizo. Ugali unauona, unaushika, unajua umekula. Mafuta yamejificha ndani ya mchuzi, ndani ya chapati, ndani ya samaki wa kukaanga, na hakuna mtu anayeondoka mezani akisema leo nimekula vijiko vitatu vya mafuta. Gramu moja ya mafuta inabeba kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini inabeba 4. Na usidanganywe na jina la mafuta. Yawe ya alizeti, ya pamba, ya mawese au ya zeituni, kwa kalori yote ni ndugu, hata kama kwa moyo na mishipa yanatofautiana. Yale maandishi ya "hayana kolesteroli" kwenye dumu nayo yasikupe kiburi, maana hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kutajika tangu mwanzo.

Kwa hiyo kabla hujaondoa chakula chochote, fanya hesabu moja isiyohitaji mizani wala programu ya simu. Siku dumu la mafuta linapofunguliwa, chukua kalamu uandike tarehe ubavuni. Lita moja ya mafuta ina kalori zipatazo 8,200, kwa hiyo dumu la lita 5 lina kama 41,000. Nyumba ikiwa na watu watano na dumu likakata baada ya wiki mbili, kila mmoja amekunywa kalori karibu 590 kwa siku, kabla hatujahesabu tonge hata moja. Dumu hilo hilo likienda siku 40, kila mmoja anapata kama 200. Hapo umewaondolea watu wote wa nyumba karibu kalori 400 kwa siku, na sahani zao zimebaki na ujazo ule ule. Mtu mzima mwenye uzito uliozidi akipunguza kalori 500 kila siku hupungua takriban nusu kilo kwa wiki katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imekwisha jikoni kabla ya mtu kuketi. Watoto wadogo waacheni na mafuta yao kwenye uji, wanayahitaji kukua. Hesabu hii ni ya watu wazima.

Jambo moja huwa linanichekesha kidogo. Anayenunua mafuta ya kupima dukani, ya siku moja moja, anapika kwa kipimo bila kujua, kwa sababu kilichomo kwenye kichupa ndicho hicho. Kipato kikipanda, linanunuliwa dumu, na kuanzia hapo mafuta yanamiminwa kwa macho. Dawa yake ni kurudisha kichupa. Jaza chupa ndogo kila Jumatatu, iwe ndiyo mafuta ya wiki, na dumu lifungiwe kabatini. Kikaangioni yasimiminwe, yapimwe kwa kijiko.

Simama kwa mpishi wa chapati asubuhi uangalie mikono yake. Mafuta ya kwanza yanaingia kwenye unga wakati wa kukanda. Ya pili anayapaka juu ya duara lililokwisha kusukumwa, kisha analikunja, analiviringisha na kulikandamiza, ili chapati ichambuke vizuri. Ya tatu anayamwaga kwenye chuma, na akiigeuza anazungushia mengine pembeni. Gazeti unalofungiwa linakuwa limeshalowa kabla hujafika kituoni. Chapati moja ya namna hiyo ni nadra kushuka chini ya kalori 200, na ile nene inafika 300. Wengi hula mbili, na chai ya sukari juu.

Sisemi chapati iharamishwe. Ibaki ya Jumamosi, au ya mgeni. Siku za kazi, asubuhi yako iwe na viazi vitamu vya kuchemsha, magimbi, au muhogo wa kuchemsha, pamoja na yai la kuchemsha. Viazi vitamu gramu 200 na yai moja havizidi sana kalori 250, na vinashikilia tumbo hadi mchana kuliko maandazi matatu. Uji wa dona au wa ulezi ni mzuri pia, ilimradi usigeuzwe kuwa sharubati kwa sukari.

Upande wa mboga na kitoweo, mapishi yetu ya zamani yana majibu mengi kuliko tunavyoyapa heshima. Samaki wa chukuchuku, nyama ya kuchemsha na ndimu na pilipili, kuku wa kuchoma, dagaa waliochemshwa na nyanya na kitunguu, vyote hivyo vinakula mafuta kidogo sana au havili kabisa. Mchicha una maji yake ya kutosha kuivia. Kitunguu kinaiva kwa kijiko kimoja ukikifunika na kukinyunyizia maji kidogo kinapoanza kushika, kisha nyanya inafanya kazi iliyobaki. Kwenye nazi, tumia tui la pili na uache kasimile kwa siku za sherehe, au tumia nusu nazi pale ulipozoea nzima. Kisamvu chenye nazi na karanga pamoja ni kitamu kisicho na mfano, lakini kina kalori nyingi. Chagua kimojawapo. Kiazi nacho kina mfano wake. Kikichemshwa, gramu 100 zina kalori zisizofika 90. Kikikatwa chipsi na kuzamishwa kwenye mafuta, uzito huo huo wa chipsi una kama 300. Sahani ya zege, yaani chipsi na mayai mawili, inaweza kuwa mlo wa mchana na wa usiku kwa pamoja, na mtu akaila saa 4 usiku akisubiri bodaboda.

Baada ya mafuta kuna kikombe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai. Chai mbili za vijiko vitatu zimekwisha kumaliza fungu hilo lote. Soda ya mililita 350 peke yake ina vijiko kama tisa. Tumbo halihesabu kinywaji kama linavyohesabu chakula: ukinywa kalori 150 za soda, hutapunguza matonge yenye kalori 150. Unaongeza tu.

Hapa pia jikoni kuna kipimo. Familia ya watu watano inayomaliza kilo ya sukari kwa siku nne inatumia gramu 50 kwa kila mtu kwa siku, mara mbili ya fungu lile, kabla ya soda na keki. Wanaojaribu kuacha sukari ghafla kwenye chai wengi hushindwa wiki hiyo hiyo. Toa nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, toa nusu nyingine. Ulimi unazoea, na tangawizi, iliki na mdalasini vinasaidia kuujaza mdomo. Juisi ya miwa, juisi za boksi na mtindi uliotiwa sukari vihesabiwe pamoja na soda. Chungwa ulile, usilikamue, maana nyuzinyuzi zake ndizo zinazokushibisha. Embe, papai, nanasi na tikiti si adui wa mtu anayepungua, ingawa si vizuri kumaliza embe dodo tatu ukijiambia ni tunda tu.

Bia nayo. Chupa ya nusu lita ina kalori kama 200, na haiji peke yake. Inakuja na mishkaki, ndizi za kukaanga, na ile nyama ya "ongeza nusu kilo". Anayekunywa tatu kila Ijumaa na Jumamosi, na kumi kunapokuwa na mechi kubwa, asitafute sababu ya kitambi mbali.

Sasa sahani yenyewe. Kanuni inayofundishwa na wataalamu wa lishe kwingi ni rahisi: nusu ya sahani mboga za majani na kachumbari, robo wanga, robo protini kama samaki, maharage, kuku au mayai. Kwetu sahani ya kawaida imegeuzwa juu chini, wali ni mlima na mchicha ni alama tu pembeni. Kwa mama ntilie hakuna haja ya kununa wala kuhubiri. Mwambie kabla hajachota: "Mama, leo nipunguzie wali, niongezee maharage na mboga." Wengi hawatakukatalia. Maharage, choroko, kunde na dengu vina protini na nyuzinyuzi pamoja, na ndivyo vyakula vya bei nafuu vinavyomshibisha mtu kwa muda mrefu. Kande iliyopikwa bila kumwagiwa mafuta ni mlo wa mtu anayepungua, ingawa hakuna anayeipigia picha. Ugali uwe wa ukubwa wa ngumi yako, na ukipata dona badala ya sembe, chukua dona, kwa sababu pumba na kiini vimebaki humo.

Ugumu uko kwenye sinia. Wanaokula pamoja hawana sahani ya kupima, na anayekula haraka ndiye anayekula sana. Anza na mboga, tafuna, ongea. Kuna tatizo jingine ambalo vitabu vya wageni havilijui: kwetu mgeni hulazimishwa kuongeza. Ukijipakulia sahani kamili ya kwanza, utaongezewa ya pili, na kuikataa ni kumvunjia heshima mama mwenye nyumba. Jipakulie nusu tangu mwanzo. Ukishurutishwa kuongeza, ongeza nusu nyingine, ushukuru, umsifie mpishi, na hesabu yako itakuwa imetimia bila ugomvi.

Dar es Salaam ina janga lake pekee, nalo ni foleni. Mtu anakula mchana saa 7, anatoka kazini saa 11, anafika nyumbani saa 3 usiku akiwa na njaa ya kutetemeka, na hapo hakuna mpango unaosimama. Atakula alichokikuta, kingi, kisha atalala. Kinachosaidia ni kula kitu kidogo saa 11 jioni kabla ya kupanda gari: yai la kuchemsha, ndizi mbivu, au konzi moja ya karanga. Moja tu, kwa sababu karanga gramu 100 zina kalori zaidi ya 550. Usingizi nao uhesabiwe. Mtu asiyelala vya kutosha kesho yake huwa na hamu kubwa ya kula, hasa vitu vitamu na vya kukaanga.

Mwezi wa Ramadhani watu wengi hushangaa wakinenepa. Hakuna cha kushangaza. Futari ya tende, uji wa sukari, bagia, sambusa, kaimati, muhogo wa nazi na viazi vya nazi, kisha chakula cha usiku baada ya Tarawehe, inapita kwa mbali chakula cha siku ya kawaida. Fungua kwa tende chache na maji, swali, halafu ule supu na futari moja yenye nazi badala ya tatu. Vya kukaanga chagua kimoja kwa siku. Daku usiliache, na liwe na maharage au mayai ili likufikishe alasiri.

Tuziseme njia za mkato kwa haraka, kwa kuwa hazistahili zaidi. Maji ya moto na ndimu hayayeyushi mafuta. Faida yake ni kwamba umeyanywa badala ya chai ya sukari. Chai nyingi za "kutoa tumbo" zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na choo, na ukizitumia mfululizo unaweza kuumia. Mazoezi ya tumbo hayachagui mafuta ya tumboni yaondoke kwanza. Kuacha wanga kabisa kunashusha kilo tatu nne kwa haraka, na hapo ndipo watu wanapoamini muujiza. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini pamoja na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu. Akiba hiyo ikiisha, maji yanatoka na mizani inashuka. Siku utakayokula wali yanarudi. Kufunga kwa saa nako kunawasaidia baadhi ya watu, lakini matokeo yake hayatofautiani sana na kupunguza chakula kwa njia ya kawaida. Kama kunakufaa, fanya. Kama kunakufanya uvamie sufuria jioni, acha.

Na kutembea? Tembea, kwa ajili ya moyo, shinikizo la damu, usingizi na misuli. Ila usikutegemee peke yake. Mwendo wa haraka wa nusu saa unatumia kalori kama 150 kwa mtu wa kilo 70, sawa na soda ile moja. Anayetoka kwenye mazoezi ya asubuhi ufukweni na kupitia kwa muuza vitumbua amefanya biashara ya hasara.

Watu hujiwekea malengo makubwa mno. Ukiwa na urefu wa sentimita 160, uzito uliozidi unaanza kwenye kilo 64, na unene uliokithiri kwenye kilo 77 hivi. Mwenye kilo 84 akisikia hivyo anataka kupunguza kilo 20 kabla ya harusi ya mdogo wake. Hahitaji. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini hawajapata kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, zaidi ya waliopewa vidonge vya metformin, ambao walipunguza kwa asilimia 31. Kwa huyu wa kilo 84, asilimia 7 ni kama kilo 6. Kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki, miezi mitatu inatosha.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kutoka msalani. Wale vijana wa mizani vituoni wanatosha, mradi uende kwa kijana yule yule, ukiwa na nguo za aina moja. Kiuno kipime kwa tepu ya fundi cherehani. Mwanamke aliyevuka sentimita 88, na mwanamume aliyevuka 102, ana hatari kubwa ya magonjwa ya moyo na kisukari hata kama mizani inampendelea. Baada ya miezi michache uzito utagoma. Hilo ni la kawaida, kwa sababu mwili mdogo unatumia nishati ndogo. Rudi kwenye dumu na kikombe, utakuta mkono umeanza kulegea tena.

Hakuna lolote kati ya haya linalowezekana ikiwa anayepika hajashirikishwa. Mume anayetaka kupungua huku akingoja kupakuliwa aanze kwa kwenda sokoni mwenyewe na kukaa jikoni anapopikiwa, maana hawezi kumwagiza dada wa kazi "punguza mafuta" na kesho yake akalalamika kwamba mchuzi hauna rangi. Nyumba nzima ikibadilika, hakuna anayepikiwa peke yake, na hakuna anayejiona mgonjwa.

Wataanza kukuuliza: "Mbona umekonda, unaumwa?" Swali hilo limewarudisha wengi kwenye chipsi. Linatoka kwenye miaka ambayo kukonda kulimaanisha ukimwi au shida, na unene ulimaanisha neema. Usilikasirikie. Jibu kwamba unajali presha yako, na kama anayeuliza ni shangazi, mwamkie kwanza.

Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi wasipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu dozi ile ile kwenye chakula kidogo inaweza kushusha sukari hadi mtu akazimia. Wajawazito na wanaonyonyesha nao waanzie kliniki. Na kama uzito unashuka wenyewe, bila wewe kubadilisha chochote, usifurahie. Kifua kikuu, kisukari na baadhi ya saratani huanza hivyo hivyo. Nenda kituo cha afya ukapime.